Kupanga na kupangua: maisha ya Joseph Schumpeter

Mwaka jana, katika somo la istilahi, mwalimu alitugawia maneno ya elimu ya uchumi ili tuyatafutie Kiswahili chake. Mimi nilipewa matatu. La kwanza lilikuwa jina la mtu anayeanzisha biashara ya namna mpya. La pili, jina la ule upya wenyewe unaoingia sokoni. La tatu, jina la kile kifo kinachozipata biashara za zamani upya huo unapofika. Nilifikiri ni kazi ya jioni moja: nafungua kamusi, nanakili, nalala. Kumbe kila kitabu nilichofungua kilinirudisha kwa mtu mmoja, Joseph Alois Schumpeter, mwanauchumi aliyezaliwa Ulaya ya kati mwaka 1883 na kufariki Marekani mwaka 1950. Wanaosoma biashara katika vyuo vikuu vya leo, wakitaka kueleza kwa nini kampuni moja inapanda na nyingine inazama, bado wanaanzia kwake. Nikaona siwezi kuyatafsiri maneno yake kabla ya kujua aliishi vipi.

Nilikuwa na sababu nyingine, ya nyumbani. Baba yangu alikuwa mpiga picha. Studio yake ilikuwa chumba kimoja mtaani Kenya, hapa Lubumbashi, chenye pazia lililochorwa mlima na maporomoko ya maji, kiti kikubwa cha mbao, na kichumba cha giza nyuma alikosafishia filamu. Watoto wengi wa mtaa wetu walipigwa picha ya ubatizo mbele ya pazia lile. Simu zenye kamera zilipoingia, wateja walipungua mwaka hata mwaka. Mwisho walibaki wale wa picha za vitambulisho, kisha hata hao wakaenda. Nilikuwa na miaka kumi na sita alipofunga mlango. Nilipomweleza kwamba nasoma habari za mtaalamu aliyeandika juu ya jambo lile lililompata, aliniuliza swali moja tu: kama huyo bwana aliwahi kupoteza kitu chake mwenyewe, au alikuwa akitazama wengine kutoka dirishani. Makala hii inajaribu kumjibu.

Mtoto wa kiwanda cha nguo

Schumpeter alizaliwa tarehe 8 Februari 1883 katika mji mdogo wa Triesch, jimbo la Moravia, wakati huo sehemu ya himaya ya Austria na Hungaria. Leo mji huo uko katika Jamhuri ya Cheki na unaitwa Třešť. Mwaka huohuo Karl Marx alifariki na John Maynard Keynes akazaliwa, na majina hayo mawili yatarudi katika habari hii. Ukoo wa Schumpeter ulikuwa wa Wakatoliki wanaosema Kijerumani katikati ya majirani wanaosema Kicheki, na mali yao ilitoka katika kiwanda cha nguo. Baba yake alifariki mwaka 1887, mtoto akiwa na miaka minne.

Mama yake, Johanna, hakukubali kubaki mjane wa mji mdogo. Alimchukua mwanawe wakahamia Graz, na mwaka 1893 aliolewa na jenerali mstaafu aliyemzidi zaidi ya miaka thelathini. Wakahamia Vienna. Cheo cha jenerali kilimfungulia mtoto mlango wa Theresianum, shule ya watoto wa makabaila, ambako alijifunza Kigiriki, Kilatini, Kifaransa, Kiingereza na Kiitaliano juu ya Kijerumani chake. Alijifunza pia mwenendo wa makabaila: kuvaa vizuri kupita wote, kupanda farasi, kusema kwa madaha. Mwenendo huo hakuuacha tena. Wengi waliomjua baadaye walidhani alizaliwa nao, lakini ulikuwa umenunuliwa kwa ujasiri wa mama mmoja.

Katika Chuo Kikuu cha Vienna alisoma sheria, maana wakati huo uchumi ulifundishwa ndani ya kitivo cha sheria, akapata udaktari mwaka 1906. Semina aliyoikumbuka zaidi ni ya Eugen von Böhm-Bawerk, aliyekuwa adui mkubwa wa mafundisho ya Marx. Ndani ya semina hiyo waliketi pamoja Otto Bauer na Rudolf Hilferding, vijana wafuasi wa Marx, na Ludwig von Mises, aliyekuja kuwa mpinzani mkali wa ujamaa. Schumpeter hakuingia upande wowote. Kwa Marx alichukua wazo moja: kwamba uchumi wa kibepari hautulii, na kinachouvuruga kinatoka ndani yake wenyewe.

Kutoka Kairo hadi Czernowitz

Mwaka 1907 alikwenda Uingereza, akaoa Mwingereza aliyemzidi umri kwa miaka kama kumi na miwili, Gladys Seaver. Ndoa hiyo haikudumu. Wakati huo, lakini, bwana harusi alihitaji fedha, na fedha alizipata barani kwetu: alifanya kazi ya sheria mjini Kairo na kusimamia mali ya binti mmoja wa ukoo wa kifalme wa Misri. Hukohuko Kairo alimaliza kitabu chake cha kwanza, kilichotolewa mwaka 1908. Sikujua jambo hili kabla ya kuanza utafiti wangu, na sidhani kwamba wengi wetu tunalijua.

Mwaka 1909 aliteuliwa kufundisha Czernowitz, mji wa pembeni kabisa mwa himaya, ambao leo uko Ukraine. Ilikuwa miji ya namna tunayoijua sisi: Kijerumani, Kiromania, Kiukraine, Kipolandi na Kiyidi vikisikika katika soko moja. Huko inasimuliwa habari ambayo wanafunzi wenzangu wataipenda. Msimamizi wa maktaba ya chuo aliwabania wanafunzi vitabu. Schumpeter aliwatetea, maneno yakawa makali, na mambo yakaishia kwenye pigano la upanga kati ya profesa na msimamizi. Profesa alimjeruhi mwenzake begani kidogo, na vitabu vikatoka. Lakini tusimfanye mtakatifu wa wanafunzi. Alipohamia Graz mwaka 1911, wanafunzi wa huko waligoma kuingia darasani kwake kwa sababu aliwadai mengi mno.

Kitabu cha 1911

Mwaka huo wa Graz ulitoka kitabu kilichomfanya ajulikane, nadharia yake ya maendeleo ya uchumi. Alikuwa na miaka ishirini na minane, minne tu kupita umri wangu.

Anaanza na uchumi usiobadilika. Fikiria mama wa sokoni anayenunua unga kwa mtu yuleyule, anauza kwa wateja walewale, na faida inatosha kula na kununua tena unga. Kila mtu katika mzunguko huo anajua la kufanya kesho, kwa kuwa alilifanya jana. Katika hali hiyo, anasema Schumpeter, uchumi unaweza kukua kidogo, kama mtoto anavyokua, lakini hauendelei. Ukiunganisha magari ya farasi mengi upendavyo, hutapata reli. Ili reli iwepo, lazima atokee mtu achukue chuma, makaa, ardhi na kazi za watu, vitu vilivyokuwepo tayari, avipange kwa namna ambayo haijapata kuwepo.

Mipango hiyo mipya aliigawa mafungu matano: bidhaa mpya, njia mpya ya kuitengeneza, soko jipya, chimbuko jipya la malighafi, na muundo mpya wa shughuli nzima. Mwanzishaji akifaulu, kwa muda anakuwa peke yake na anapata faida kubwa. Faida hiyo inawaita wengine. Waigaji wanakuja kundi kwa kundi, bei inashuka, faida inayeyuka, na soko linatulia katika mzunguko mpya hadi mwingine atokee.

Niliposoma fungu la nne nilisimama. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Reli kutoka kusini ilifika mji wetu mwaka 1910, na mwaka 1911, mwaka wa kitabu, tanuru la Lubumbashi liliyeyusha shaba yake ya kwanza. Schumpeter hakuandika juu ya Katanga, lakini Katanga ilikuwa inaishi ukurasa wake: chimbuko jipya la malighafi, reli mpya, kampuni ya muundo mpya. Ila shaba haikuwa mpya kwetu. Mafundi wa hapa walikuwa wameichimba na kuiyeyusha kwa karne nyingi, na misalaba yao ya shaba ilitumika kama fedha mbali na hapa. Kazi hiyo ya mafundi ilizimwa. Katika kitabu cha 1911 mwanzishaji anaonekana vizuri, na benki yake pia. Fundi anayezimwa haonekani, wala mtu anayechukuliwa kijijini kwenda kuchimba. Hilo ni pengo, na msomaji wa Lubumbashi analiona mapema kuliko msomaji wa Vienna.

Shida ya neno letu

Hapa ndipo kazi yangu ya istilahi iliponikwamisha. Kamusi zetu zinamwita mtu wa Schumpeter mjasiriamali: mjasiri, na mali. Neno zuri, limeenea, hata redio zetu zinalitumia. Lakini linasema kinyume cha alichosema yeye. Kwake, kuthubutu kwa mali si kazi ya mwanzishaji hata kidogo. Anayehatarisha mali ni yule aliyeitoa, yaani benki au mwenye mtaji. Mwanzishaji anaweza kuwa hana hata franka moja, na kazi yake ni kupanga upya na kuwashinda wanaosema haiwezekani. Kiswahili kilimtazama mtu huyo kikaona ujasiri na mali, wakati Kijerumani na Kifaransa viliona tu mtu anayeshika shughuli mkononi.

Nilifikiri kwanza kwamba neno letu limekosea. Baadaye niliona linasema kweli ya huku kwetu. Studio ya baba haikuwa na benki nyuma yake. Kamera ya kwanza ilinunuliwa kwa akiba yake na kwa mkopo wa shangazi. Aliyepanga na aliyehatarisha walikuwa mtu mmoja, na waliokuwa wakila kwenye sahani hiyo tulikuwa watoto wake sita. Neno mjasiriamali linafaa kwa soko lisilo na benki. Halifai kwa kitabu cha 1911.

Neno la pili lilikuwa na shida ya namna nyingine. Schumpeter anatenga kwa ukali kitu kilichovumbuliwa na kitu kilichoingizwa sokoni. Kuvumbua kunaweza kukaa miaka mingi kabatini bila kubadilisha maisha ya mtu yeyote. Sisi tuna uvumbuzi, na tuna ubunifu, lakini kubuni nako ni kazi ya kichwani. Mfano ninaoupenda unatoka kwenye ufundi wa baba. Mwaka 1975, ndani ya kampuni ya Kodak, mhandisi Steven Sasson alitengeneza kamera isiyohitaji filamu. Uvumbuzi ulikuwepo, tena ndani ya nyumba. Lakini kampuni iliyokuwa ikiishi kwa kuuza filamu haikuupanga upya mkate wake kwa wakati, na Januari 2012 iliomba ulinzi wa mahakama kwa sababu ya madeni. Kama hata wao waliochelewa walikuwa ndio wavumbuzi, baba yangu mwenye chumba kimoja angefanya nini?

Miaka ya hasara

Sasa nifike kwenye swali la baba.

Vita vya kwanza vya dunia vilipokwisha mwaka 1918, himaya aliyozaliwa Schumpeter ilivunjika. Nchi ya utoto wake haikuwepo tena kwenye ramani. Machi 1919 aliitwa kuwa waziri wa fedha wa Austria ndogo iliyobaki, nchi yenye njaa, madeni, na fedha inayopoteza thamani kila wiki. Alikuwa waziri asiye na chama nyuma yake, ndani ya serikali iliyoongozwa na wanasoshalisti, akigombana na Otto Bauer, mwenzake wa semina ya zamani. Oktoba mwaka huohuo alikuwa nje.

Mwaka 1921 aliingia kwenye biashara mwenyewe, akawa rais wa benki ya Biedermann mjini Vienna. Kwa miaka michache aliishi kama tajiri, akatia fedha zake na za mikopo katika kampuni mbalimbali. Mwaka 1924 soko la hisa la Vienna lilianguka. Kampuni zikafa, na yeye akapoteza kazi, akapoteza mali yote, akabaki na deni kubwa. Mtu aliyewaeleza wengine jinsi biashara mpya zinavyozaliwa alikuwa ameshindwa kuziendesha. Deni hilo alilipa miaka mingi, kwa kuandika makala na kutoa mihadhara usiku baada ya kufundisha mchana.

Mwaka 1925 chuo kikuu cha Bonn, Ujerumani, kilimpa kiti. Novemba mwaka huo alimwoa Annie Reisinger, binti wa mlinzi wa jengo alimokaa mama yake Vienna, msichana aliyekuwa mdogo kwake kwa karibu miaka ishirini. Marafiki zake wa tabaka la juu walishangaa. Yeye alikuwa na furaha. Juni 1926 mama yake alifariki. Tarehe 3 Agosti, Annie alifariki akijifungua, na mtoto, mvulana, akafa pia. Ndani ya majira moja ya joto nyumba yake ilibaki tupu.

Waliosoma karatasi zake wanasema kwamba tangu hapo aliandika katika daftari zake kama mtu anayeongea na mama na mke, akiwaomba msaada kabla ya kazi na kuwashukuru baada yake. Alinakili pia daftari la kumbukumbu za Annie kwa mkono wake, ukurasa hata ukurasa. Mengi aliyaandika kwa mwandiko wa mkato wa Kijerumani aliojifunza ujanani, ambao ni wachache wanaoweza kuusoma leo. Hata alipoishi Marekani na kufundisha kwa Kiingereza, mambo ya moyoni yalibaki katika mwandiko ule. Sisi tunaosoma lugha tunajua jambo hilo: mtu anaweza kuhama nchi, akahama na lugha ya kazi, na bado akalia kwa lugha ya kwanza.

Harvard, na kivuli cha Keynes

Mwaka 1932 alihamia Harvard. Mwaka uliofuata, Hitler aliposhika madaraka na walimu wa asili ya Kiyahudi kufukuzwa vyuoni Ujerumani, Schumpeter alijishughulisha kuwatafutia wengi wao nafasi Marekani. Daftari zake za miaka hiyohiyo, hata hivyo, zina maneno mabaya juu ya Wayahudi na watu wengine. Mambo yote mawili yako katika maisha yake, na sioni haki ya kutaja moja na kuficha lingine.

Darasani alipendwa. Wanafunzi kama Paul Samuelson, James Tobin, Paul Sweezy na Hyman Minsky walipita mikononi mwake, na hakuna aliyemfuata kama mfuasi. Mwaka 1937 alimwoa Elizabeth Boody, naye mwanauchumi. Mwaka 1939 alitoa kitabu chake juu ya kupanda na kushuka kwa biashara, majuzuu mawili yenye kurasa zaidi ya elfu moja, kazi ya miaka mingi. Lakini miaka mitatu kabla, mwaka 1936, Keynes alikuwa ametoa kitabu kilichowaonyesha vijana la kufanya juu ya ukosefu wa kazi. Wanafunzi wa Schumpeter mwenyewe walikuwa wakikisoma cha Keynes. Chake kilipokelewa kwa heshima kikawekwa rafuni. Alikuwa ameeleza maisha yake yote jinsi bidhaa mpya inavyoiua ya zamani madukani, na sasa alikuwa yeye ndiye bidhaa ya zamani.

Alipona kwa kitabu alichokiona chepesi kuliko vyote. Mwaka 1942 alitoa kile juu ya ubepari, ujamaa na demokrasia. Katika sura yake ya saba kuna lile neno la tatu la orodha yangu. Wazo lenyewe lilikuwa na mababu, kwa Marx na kwa Werner Sombart, lakini yeye ndiye aliyelipa jina lililokaa. Anasema wataalamu wanapoteza wakati wakitazama wauzaji wawili wanaoshindana kwa bei ya bidhaa ileile. Ushindani unaotisha ni ule wa bidhaa mpya, chombo kipya, au muundo mpya, unaopiga msingi wa nyumba badala ya dirisha. Duka dogo haliuawi na duka dogo la jirani. Linauawa na duka kubwa lenye matawi, au linalouza kwa posta. Baba alilielewa hili bila maelezo mengi. Katika mtaa wake walikuwepo wapiga picha wengine watatu, na kwa miaka mingi aliwahesabu hao kuwa washindani. Hakuna hata mmoja wao aliyemfungia mlango. Wote wanne walifungiwa na kitu kilichouzwa kama simu.

Katika sura hizo kuna pia mnunuzi wa kawaida. Malkia wa zamani hakukosa soksi za hariri, anasema Schumpeter, na ushindi wa kiwanda ni kwamba msichana anayefanya kazi humo naye anaweza kuzinunua. Hapo ana haki. Leo dada zangu wana picha za watoto wao kila siku ya maisha yao, na mama yangu ana picha mbili tu za utoto wake.

Lakini kuna jambo ambalo baba hakulikubali. Schumpeter alifundisha kwamba mabadiliko yanaanza kwa mtengenezaji, na mnunuzi hufundishwa kutaka kitu kipya. Baba anasema wateja wake hawakufundishwa na mtu. Kwa miaka ishirini walimlalamikia jambo moja: kungoja siku tatu hadi filamu iishe na picha zisafishwe. Walipoiona simu, walijua mara moja ni jibu la malalamiko yao. Wataalamu waliokuja baadaye wako upande wa baba. Eric von Hippel, katika kitabu cha mwaka 1988, alionyesha kwamba katika nyanja kadhaa, kama ile ya vyombo vya maabara, upya mwingi ulianzishwa na watumiaji wenyewe, na viwanda vikafuata. Ndiyo maana utafiti wa biashara siku hizi unachunguza tabia ya mnunuzi kwa bidii ileile unayochunguza kiwanda.

Schumpeter alitabiri pia kwamba ubepari utakufa kwa kufaulu kwake: upya utakuwa kazi ya ofisi, waanzishaji watageuka makarani, na ujamaa utaingia taratibu bila yeye kuupenda. Hayo hayakutokea kama alivyosema. Mwaka 1948 alikuwa rais wa chama cha wanauchumi wa Marekani. Usiku wa kuamkia tarehe 8 Januari 1950 alifariki usingizini nyumbani kwao Taconic, Connecticut, karibu na miaka sitini na saba. Elizabeth, akiwa mgonjwa, alikusanya karatasi za kitabu chake kikubwa juu ya historia ya elimu ya uchumi. Alifariki mwaka 1953, na kitabu kikatoka mwaka 1954. Kama si yeye, zingebaki karatasi.

Neno nililochagua

Mwaka 1992 Philippe Aghion na Peter Howitt waliligeuza wazo lile kuwa hesabu, na mwaka 2025 walipewa tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na Joel Mokyr. Neno la 1942 sasa liko kila mahali, na bado Kiswahili hakina neno moja kwa ajili yake. Wengine huandika uharibifu wenye ubunifu, lakini ni maneno mawili yanayovutana, na msomaji hajui lipi linashinda.

Mimi nilikwenda kwenye kauli ya kutendua, ile ya kunja na kunjua, ziba na zibua. Tuna panga, na tuna pangua. Schumpeter alisema upya ni kupanga tena vitu vilivyokuwepo. Basi kupangua ndiyo sura ya pili ya tendo hilohilo: mzizi mmoja, mikono ileile, wakati uleule. Kwa hiyo niliandika upangaji upya kwa neno la pili na upanguaji kwa la tatu. La kwanza, mjasiriamali, niliacha lilivyo, nikaeleza tofauti.

Mwalimu alinipa alama nzuri na pingamizi moja. Magazeti ya Tanzania huandika panga pangua rais anapowahamisha mawaziri, na katika panga pangua ya namna hiyo waziri wa leo anaweza kuwa waziri wa kesho katika ofisi nyingine. Waliopanguliwa na soko hawana hakika hiyo. Pingamizi lina nguvu, na sijapata jibu lake. Baba hakuhamishiwa popote. Siku hizi anakaa kwenye kibanda cha mtu mwingine chenye mashine ya kuchapa, anatoa kwenye karatasi picha ambazo wateja wamejipiga wenyewe.

Jioni moja nilimsimulia mwaka 1924 na mwaka 1926. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akataka kujua kama yale madeni ya benki yalilipwa. Nilimjibu kwamba yalilipwa, kwa miaka mingi. Akatikisa kichwa kukubali, akaniambia niendelee kumsoma.

Nami naendelea. Kama kuna mwenzangu kitivoni mwenye neno linalomtaja pia yule aliyepanguliwa, na si tendo peke yake, naomba aliandike katika toleo lijalo.